Kidoti cha Zélie

Sote katika kiwanda cha uchapaji tuliinamia kazi Madam Bourdelle alipoingia na mumewe. Bwana huyo, muuza sabuni, alikuwa amemwagiza Anselme, mchoraji wetu, tangazo, na Anselme, kwa ujinga, akachora uso wa Zélie, kimada wake bwana. Paris nzima ilijua, isipokuwa madam.

Madam akaiinamia karatasi iliyotoka kuchapwa. "Huyu si yule Zélie mcheza dansi?"

"Zélie yupi tena, mke wangu?" Bwana alilowa jasho.

"Hapana, Zélie ana kidoti shavu la kulia. Huyu kushoto."

Tukashusha pumzi. Uzuri wa kuchapa kwa jiwe la kuchorea ni huo: ukichora kulia, karatasini hutoka kushoto.

"Hebu nilione jiwe lenyewe," Madam akasema.

Anselme akalikalia upesi, likiwa bado na wino. Suruali na kazi ya wiki tatu vikaharibika pamoja.