Dozi ya Mtoto wa Balbina

Mshale wa mizani ulitikisika, ukapanda, ukashuka, na Skolastika akangoja utulie ndipo ausome. Mtoto alining'inia ndani ya mfuko wa nyuzi, ule ule aliobebewa kutoka kijijini kwao mlimani, na hakulia. Hilo ndilo lililomtisha. Mtoto wa siku sita ukimtundika kwenye ndoano hupiga kelele mpaka mbwa walioko nje wainuke. Huyu aliguna tu kila alipotoa pumzi, guno fupi la mtu aliyechoka.

“Kilo tatu kamili,” Skolastika alisema. “Toa mfuko, gramu mia mbili. Kilo mbili na mia nane. Alinyonya lini mara ya mwisho?”

“Jana asubuhi, kidogo sana,” alijibu Balbina, mama wa mtoto. “Tangu hapo nikimpa titi analiachia tu.”

Balbina alikuwa na miaka ishirini na huyu alikuwa mtoto wake wa kwanza. Miguu yake ilikuwa na tope mpaka magotini. Nyuma yake alisimama mama mkwe wake, Bibi Kuange, na mlangoni mumewe, Mondo, ambaye hakutaka kuingia wala kuondoka.

Skolastika akamlaza mtoto mezani, akafungua kitambaa. Kitovu kilikuwa chekundu, na uwekundu umetambaa kwenye ngozi ya tumbo. Usaha ulinuka. Nyayo zilikuwa baridi kama mawe ya mtoni.

“Wadudu wameingia kwenye damu,” alisema. “Huyu ni wa hospitali ya mjini, leo hii.”

“Mjini tutapitia wapi, sista?” Mondo alisema kutoka mlangoni. “Mlima umemeza barabara tangu Jumapili. Hata nguruwe hapiti.”

Skolastika alijua. Alikuwa amesema tu kwa sababu ndivyo ilivyotakiwa kusemwa. Kituo kile cha afya kilikuwa na vyumba viwili na mhudumu mmoja, naye ni yeye. Sista mkuu, muuguzi aliyekuwa juu yake, alikuwa amehamia mjini mwaka uliopita na hakuna aliyeletwa mahali pake. Alichoacha ni jedwali ukutani, limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: upande mmoja kilo, upande wa pili mililita. Skolastika alikuwa amelitegemea miezi kumi na minne. Akashusha kidole hadi kilo mbili nukta nane, akasoma: jentamisini, mililita moja nukta nne.

Akavunja shingo ya kichupa, akavuta dawa. Kwa kuwa ni nyingi kwa msuli mdogo vile, akaigawa, nusu paja la kulia, nusu la kushoto. Kisha akachanganya ampisilini na kumchoma hiyo pia. Mtoto alikunja uso bila kutoa sauti. Bibi Kuange akageukia ukuta.

“Mweke kifuani, ngozi kwa ngozi,” Skolastika alimwambia Balbina. “Kamua maziwa kwenye kikombe, umpe kwa kijiko. Matone. Usichoke.”

Ilikuwa saa tisa alasiri alipoketi kuandika. Daftari lilitaka jina la dawa, nguvu yake, kiasi. Kila siku alijaza safu ya nguvu bila kutazama, kwa kuwa haikuwahi kubadilika: miligramu ishirini katika kichupa cha mililita mbili. Lakini lile lilikuwa boksi jipya, lililokuja na gari la mwisho kabla mlima haujaporomoka, na kalamu yake ilikuwa imekauka, hivyo alipokuwa akiitikisa macho yake yakaanguka kwenye boksi. Herufi zilikuwa ndogo kama mayai ya chawa. Themanini.

Akakiokota kichupa kitupu. Ukubwa ule ule, kioo kile kile, mililita mbili zile zile. Themanini.

Akapiga hesabu pembeni mwa daftari, akaifuta, akaipiga upya. Mtoto alistahili miligramu kumi na nne. Alikuwa amempa hamsini na sita. Mara nne.

Alikaa na kichupa mkononi. Nyuma ya kituo kulikuwa na shimo la kutupia sindano, lenye kina kuliko kimo cha mtu, na kitu kikishaingia mle hakionekani tena. Mtoto alikuwa mahututi. Akifa, watu watasema ni kitovu, na pengine itakuwa kweli. Alifikiri hivyo muda mrefu kuliko alivyopenda kukumbuka baadaye. Kisha akakitia kichupa mfukoni, akapanda kilima cha nyuma ya kanisa, mahali pekee simu inaposhika.

Daktari Tauvasa, wa watoto katika hospitali ya mjini, alimsikiliza bila kumkatiza. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajalala vizuri.

“Kesho usimpe jenta. Keshokutwa pia, mpaka unipigie. Ampisilini endelea nayo kila baada ya saa kumi na mbili, usiruke hata moja. Na maziwa, sista. Maziwa, maziwa. Hesabu vitambaa vilivyolowa. Akikojoa, figo zinafanya kazi.”

“Na asipokojoa?”

“Nipigie.”

“Na masikio, daktari? Tulifundishwa kwamba dawa hii inaharibu masikio.”

Upepo ulivuma kwenye simu.

“Dozi moja, mara nyingi haifanyi kitu,” daktari alisema. “Mara nyingi. Ila na ugonjwa wenyewe unaweza kuyaharibu. Hatutajua mpaka akue kidogo.”

“Mama yake nimwambieje?”

“Ulivyoniambia mimi.”

Aliteremka. Aliwakuta wote watatu ndani. Akakiweka kile kichupa mezani, akasema bila kuzunguka.

“Nimemzidishia mtoto dawa. Chupa zimebadilishwa, nami sikusoma. Nimempa mara nne ya kiasi chake. Nimezungumza na daktari na ameniambia la kufanya. Inaweza kuumiza figo. Inaweza kuumiza masikio. Inawezekana isimfanye lolote. Kosa ni langu.”

Mikono ya Balbina ilimfunika mtoto zaidi. Mondo alipiga teke ndoo, ikagonga ukuta, maji yakatapakaa.

“Umemtia mwanangu sumu! Tunakuita sista, kumbe kusoma hujui? Nipe huyo mtoto, Balbina. Tunaondoka.”

“Mnakwenda wapi?” Bibi Kuange aliuliza. Alikuwa ameketi sakafuni, na hakuinuka. “Wewe siku tatu mtoto hanyonyi vizuri, ulikuwa wapi? Unacheza karata kwa Gande. Mimi mwenyewe nilisema kitovu kitapona chenyewe. Tumemleta keshakuwa baridi. Sasa leo una haraka?”

“Mama, umemsikia alichosema?”

“Nimemsikia. Angenyamaza ungejua nini, wewe na miguu yako mirefu? Kaa chini.”

Mondo hakukaa, lakini hakuondoka. Alitoka nje akachuchumaa chini ya paa, kichwa mikononi, na mabega yake yakawa yanatikisika.

Baada ya muda Balbina akauliza, kwa sauti ndogo, “Sindano ya usiku, ni wewe utakayemchoma?”

“Hakuna mwingine.”

“Nilisoma mpaka darasa la nane,” Balbina alisema. “Nionyeshe mahali pa kusoma.”

Tangu usiku ule ikawa hivyo. Skolastika alishika chupa kwenye mwanga wa taa, Balbina akasoma jina kwa sauti, kisha namba, kisha mstari kwenye bomba la sindano. Alisoma polepole, kidole kikigusa kila tarakimu, na Skolastika akangoja amalize kila mara, hata uso wake mwenyewe ulipowaka kwa aibu.

Kitambaa cha kwanza kilikuwa kikavu. Cha pili kikavu. Bibi Kuange alichoma viazi vitamu, hakuna aliyekula. Asubuhi, jua halijafika bondeni, Balbina alipiga ukelele uliomfanya Skolastika aje mbio akiwa na kiatu kimoja.

“Amenikojolea! Sista, tazama, mpaka kwenye goti!”

Bibi Kuange alikinusa kitambaa kama anayenunua samaki. “Mkojo wa kiume,” akatangaza, na kwa mara ya kwanza tangu atoke nje jana Mondo akaingia ndani.

Siku ya nne daktari aliruhusu jentamisini tena, na dozi halali ilikuwa tone refu tu ndani ya bomba jembamba kuliko yote, robo ya kile alichokuwa amempa. Kuiona vile kulimuuma Skolastika kuliko matusi. Uwekundu ulirudi nyuma kidogo kidogo. Siku ya tano mtoto alilishika titi, akalivuta, akalia kwa hasira lilipomponyoka. Siku ya kumi barabara ilifunguliwa na wakaondoka. Mondo hakumuaga.

Skolastika alilibandua jedwali ukutani, akaandika jingine kwa miligramu. Alijaza fomu ya kosa, jina lake juu, akaituma mjini na gari la kwanza. Haijajibiwa. Watu wengine walianza kuwapeleka watoto wao kituo cha ng'ambo ya mto, mwendo wa nusu siku. Hakuwalaumu.

Balbina alirudi siku ya chanjo, mtoto akiwa na miezi minne, mnene, mwenye mikunjo mapajani. Alingoja mpaka wanawake wengine wamekwenda zao.

“Nikimchekea anacheka,” alisema. “Akiniona nakuja anarusha miguu. Lakini nikimwita nikiwa nyuma yake… Sijui, sista. Siku nyingine nadhani amegeuka. Siku nyingine nadhani ni mimi ninayetaka ageuke.”

Skolastika akachukua sahani ya bati na kijiko, akasimama nyuma ya benchi. Kabla hajagonga, mvua ya mlimani ikashuka yote kwa pamoja juu ya mabati, kwa kishindo kilichofuta kila kitu. Balbina aligeuka akasema jambo, na Skolastika akaona midomo tu ikicheza.

Akaja akaketi kando yake, sahani mapajani. Mtoto alikuwa kati yao, ametulia, akiyatazama maji yakiteremka mbele ya mlango. Wakamtazama yeye, wakangoja mvua ikatike.