Aliyeuza Ishara za Kesling

Mimi simwamini mtu anayekula bila kusifu wala kulalamika, na Jones alikuwa wa namna hiyo. Alifika Kesling, mji wetu wa viwanda vya chuma, Septemba ya mwaka 1922, msimu ukikaribia kuanza, akapewa chumba cha juu nyumbani kwangu cha kulala siku za mazoezi na mechi, kwa sababu mume wangu, Bo Stransky, alicheza mstari wa mbele katika timu yetu ya Nyundo, ya mpira ule wa Kimarekani wa kubebwa mikononi na kusukumana. Nilimwekea kabichi na soseji, akamaliza, akasema, "Asante, mama," akapanda ngazi. Basi, ndiyo mazungumzo yetu yote.

Jina la Jones halikuwa lake, kila mtu alilijua hilo. Wanafunzi wa vyuo waliokuja kucheza kwa malipo siku za Jumapili walijiita Jones au Smith, maana chuo kikigundua kinakufukuza. Sisi watu wa viwanda vya chuma tulikuwa na adabu yetu katika jambo hilo: jina la mchezaji haliulizwi. Unampa mpira, anakimbia nao, yamekwisha.

Mechi za mwanzo tulishinda. Kisha mambo yakaharibika. Tukipanga kuurusha mpira, wapinzani wameshatawanyika nyuma wakiusubiri. Tukipanga kukimbia nao, wamejazana katikati kama foleni ya mkate. Tierney, nahodha wetu, mtu mwenye goti bovu na ulimi mbovu zaidi, akabadilisha ishara zote, yale maneno ya siri aliyoyapigia kelele kabla ya mpira kutoka ili wenzake wajue mpango. Jumapili iliyofuata, yaleyale.

"Mtu anatuuza," Tierney alisema akinywa kahawa yangu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Bo akajibu, akaangalia dari, chumba cha Jones kilipokuwa.

Wiki hiyohiyo Jones akaonekana anapanda treni ya Marbury. Na Marbury ndio tuliokuwa tucheze nao mechi ya mwisho, ya kuamua bingwa wa bonde zima. Jioni wachezaji wakajaa jikoni.

"Shemeji, hebu tupishe kidogo," Tierney akaniambia.

"Niwapishe niende wapi? Hili jiko ni la mama yako?"

Wakacheka, lakini kwa midomo tu. Jones akaitwa, akashuka.

"Haya, bwana mdogo. Marbury ulifuata nini?"

"Sikushuka Marbury. Treni inaendelea mbele."

"Mbele wapi?"

"Ninakosoma."

"Chuo gani? Na jina lako hasa nani?"

Hapo hata mimi nikaacha kumenya viazi. Swali hilo halikuwahi kuulizwa nyumbani kwangu. Jones hakumtazama Tierney aliyemwuliza. Alimtazama Bo, akamtazama tena, kama anayemsubiri aseme neno. Bo akajikuna shingo. Mimi nikadhani kijana anaomba huruma kwa mwenye nyumba.

"Nikilitaja, kesho mji mzima unalo," Jones alisema. "Mwaka mmoja tu umenibakia niwe daktari wa mifugo. Mnataka nifukuzwe?"

"Daktari wa ng'ombe!" mmoja akadakia. "Ndiyo maana unatukamua."

"Usipolitaja, wewe ni msaliti," Tierney akasema. "Na bonde zima litajua."

Hakulitaja. Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono, na mkono wa Bo ulitangulia. Jones akafunga sanduku lake. Mlangoni akaniambia, "Supu yako ya viazi ni tamu, mama." Nikazidi kumshuku, mtu anayesifu supu siku ya kufukuzwa ana lake jambo.

Tierney hakuishia hapo. Alimpa mwandishi wa gazeti picha ya timu, uso wa Jones umezungushiwa duara, na Jumamosi ikachapishwa chini ya neno MSALITI. Nilipoiona, nilimfikiria Jones. Chuoni nako watu husoma magazeti.

Jumapili nilichelewa kufika Marbury. Jukwaa letu lilikuwa limejaa pomoni, nikasukumwa mpaka nyuma ya goli lao, katikati ya mashabiki wao. Ishara zilikuwa mpya kabisa, Tierney alizitunga usiku wa jana yake, na Jones hakuwepo. Mchezo ukaja upande wangu, nikawa nawatazama watu wetu uso kwa uso, kama Marbury walivyowaona.

Beki wao mmoja mwenye ndevu hakuwa akimsikiliza Tierney hata kidogo. Alikuwa anamtazama mume wangu. Nami nikamtazama.

Bo aliinama, mkono chini. Mara hii mgongo wake umeinuka, uzito wote mbele, vilevile anavyoinama kulisukuma jiko letu la makaa. "Wanakimbia!" beki akapiga kelele, na kweli walikimbia. Mara nyingine Bo alikalia visigino vyake kama mtu aliyekwisha kushiba. "Wanarusha!" Na kweli walirusha. Tulifungwa vibaya.

Jioni alirudi ana matope mpaka masikioni. Nilimweleza kila kitu nilichokiona, taratibu, maana nilimwonea huruma. Nilidhani nitamvunja moyo.

Hakushtuka. Aliendelea kufungua kamba za viatu.

"Bo, umenisikia?"

"Nimesikia. Ndivyo Jones alivyosema."

"Jones alisema lini?"

"Mwanzoni mwa msimu, mazoezini. Alinivuta pembeni akanionyesha."

"Nawe ukamjibu nini?"

"Kwamba nilikuwa nacheza mchezo huu yeye akinyonya. Na akimwambia Tierney, nitamvunja taya." Akavua kiatu kimoja. "Wangeniondoa mstarini, Ruzena. Wangeniondoa, na kazi nyepesi wanayopewa wachezaji kiwandani ingekwisha, wanirudishe kwenye tanuri. Unalijua tanuri wewe?"

"Kwa hiyo ulimwachia mtoto wa watu aitwe msaliti."

"Angeweza kusema mwenyewe."

"Alikuwa anakusubiri wewe useme!"

Akavua kiatu cha pili. Nilihisi hasira na aibu kwa pamoja. Niliisogeza sahani yake mbali, nikakaa upande wa pili wa meza, nikamwuliza ni kitu gani kingine anachokijua ambacho mimi sikijui.

"Hakuna," akasema.

Sikumwamini.