Uzinduzi wa Leta kule Gatina

Ndeti alikuwa mtu wa amani. Alilisema hilo mwenyewe kwa kila aliyekutana naye kwenye ngazi za ploti yao pale Gatina, na Januari ile ya 2008, kura za urais zikiwa zimezua mauaji ya kikabila, watu wengi Kawangware walijisema hivyo huku wakiulizana majina ya ukoo.

Yeye na Dalmas Oluoch, wa Gatwekera kule Kibera, walikuwa wametengeneza Leta, programu ya kuleta programu nyingine. Lugha ya kompyuta iliyohudumiwa iliitwa Tamko. Aliitunga mwalimu Khamala wa chuoni, na wasemaji wake duniani kote walikuwa arobaini, wote wanafunzi wa Khamala, wote wakihofia mtihani. Kabla ya Leta, ukitaka kipande alichoandika mwenzako ulimfuata kwake na flash disk. Sasa ungeandika neno moja tu, na kifurushi kingekuja chenyewe kutoka mtandaoni, pamoja na vyote kinavyovitegemea. Leta yenyewe aliiandika Ndeti. Vifurushi vilikuwa thelathini na kimoja, na ishirini na sita ni jasho la Dalmas.

Hapo ndipo amani ya Ndeti ilipoanza kumwasha. Uzinduzi ungefanyika kanisani, Khamala akiwa mgeni wa heshima. Leta ikikubali kwenye kompyuta yake, chuo kizima kingeitumia. Na orodha ya vifurushi na waandishi wake ingeonyeshwa ukutani, Oluoch, Oluoch, Oluoch, jina la Kijaluo tupu, mbele ya majirani.

"Mimi sina ubaguzi," alimweleza mkewe Kamene. "Ni watu."

Kamene akamwuliza kama amemwambia Dalmas. Ati simu hazishiki. Ajabu ni kwamba zilishika vizuri sana alipomtafuta fundi wa spika. Basi akakaa, akafuta jina la Dalmas mara ishirini na sita, akaandika lake. Ni kwa muda tu, hali itulie. Mwaliko pia hakumpelekea, kwa usalama wa Dalmas mwenyewe.

Jumamosi ya kwanza ya Februari kanisa lilijaa. Alikuwepo hata Ndunge, mama mboga wa pale chini, aliyekuja kwa sababu kulikuwa na soda. Pasta aliiombea nchi dakika arobaini. Katikati ya maombi Dalmas, ambaye habari zilimfikia bila mwaliko, akaingia, viatu vumbi tupu, amekuja kwa miguu tangu Gatwekera, akakaa nyuma. Ndeti akampungia mkono kwa mbali kama anayeomba kura.

Orodha ikatokea ukutani: Ndeti, Ndeti, Ndeti. Watu wakapiga makofi. Khamala akafungua kompyuta yake, akaandika: leta kalenda.

Sasa, kuna kitu kimoja ambacho Ndeti alikuwa amejisifia tangu Novemba. Kila kifurushi kilikuwa na muhuri wa siri wa aliyekiandika, na ukigusa hata herufi moja, Leta inakikataa. Kwenye kompyuta yake ukaguzi huo ulimchelewesha, akauzima, akasahau. Kwenye ya Khamala haukuzimwa na mtu. Maandishi mekundu yakajaa ukuta:

KIFURUSHI HIKI KIMECHEZEWA. USIKIAMINI. MTAFUTE MWENYEWE: DALMAS OLUOCH.

Mwezi mzima kila mtu mle ndani alikuwa amelisema neno hilo, kuchezewa, kuhusu kura, au amelibishia.

"Hata hapa?" mtu akauliza.

Khamala akageuka. "Huyo Dalmas yuko?"

"Niko, mwalimu." Akaja mbele polepole, akatoa flash disk iliyobeba muhuri wake, akainamia kompyuta. "Naweza kuvitia muhuri upya sasa hivi. Ndeti, niweke jina la nani?"

Ndeti akatazama majirani. Hakuna aliyeshika rungu, walishika soda. Aibu ilimchoma, na bado akashindwa.

"Weka langu kwa leo, budaa," akanong'ona. "Tutaongea."

Maikrofoni ilikuwa inawaka, kwa hivyo alinong'onea kanisa zima.

Dalmas akarudisha flash disk mfukoni, akamuaga mwalimu kwa heshima, akatoka. Khamala akafunga kompyuta yake.

Ndunge akaweka chupa chini. "Kwani ulikuwa unamwogopa nani?" akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Ni sisi?"

Ndeti akafungua mdomo kusema ni watu, akawaangalia. Wote walikuwa wanangoja jibu.