Samaki wa Mndewa Yakobo

Mwaka ule wa matuta, Felista wa Lukwele aliona jambo asilolielewa, naye hakuwa mtu wa kulala na swali.

Serikali ilikuwa imeamuru kila mwenye shamba mlimani achimbe matuta ya ngazi, na aliyewasukuma watu ni mkuu wao wa jadi, mndewa Yakobo, mjomba wake Felista. Watu walichoka. Mahindi kwenye udongo uliogeuzwa yalitoka manjano, na minong'ono ikaanza kwamba Yakobo ni mndewa wa bomani, si wao. Akaitisha baraza. Wote walikwenda wakingoja habari ya matuta. Yakobo akasimama, akazungumzia samaki.

"Watu wa Kidunge wanatega migono hadi ukingo wetu," alisema. "Kuanzia leo bwawa ni letu peke yetu."

Wanaume waliokuja kumzomea wakatoka wakimsifu. Jioni hiyohiyo vijana wakaikatakata migono ya wavuvi wa ng'ambo.

Felista alistaajabu. Kidunge na Lukwele walioana, walizikana, walitaniana hata msibani. Bwawa hilo, kwenye mto kati ya vijiji hivyo viwili, walilivua pamoja tangu enzi za bibi zao, na mwaka huo kambale walikuwa tele. Binti yake, Rosa, alikuwa ameposwa na Stefano wa Kidunge. Sasa wajomba wa kijana, ambao migono yao ndiyo iliyokatwa, wakaleta neno kwamba harusi isubiri.

Felista akavuka mto kwenda kwa Chausiku, mke wa Mwinjuma, mndewa wa Kidunge. Alimkuta akipepeta mpunga.

"Mumeo amekasirika kweli?"

"Barazani alitetemeka kwa hasira," Chausiku akasema. "Nyumbani alikula, akaomba aongezewe. Hata mimi najiuliza. Ila akinyamaza, watasema Yakobo amemuoa."

Jibu hilo lilimzidishia hamu ya kujua. Akarudi moja kwa moja kwa Yakobo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

"Samaki wamekukosea nini?"

Yakobo aliangalia mlangoni kwanza. "Hawana kosa. Ningetaja matuta siku ile, ningechomewa nyumba. Nilimtumia Mwinjuma neno mapema: nitakusema vibaya, nawe nijibu upendavyo."

"Akakubali?"

"Naye ana matuta yake."

Felista alitaka kucheka, akamkumbuka Rosa. "Mlielewana ninyi wawili. Waliokata migono hawakuambiwa, wala waliokatiwa."

Yakobo akainuka kufunga mlango.

Mwaka haujaisha, milima ikachafuka kwa ghasia, serikali ikayaacha matuta. Hakuna aliyeondoa marufuku ya bwawa. Watu walirudi tu kuvua. Lakini wajomba wa Stefano hawakulegea, mpaka Yakobo alipokwenda kwao mwenyewe kuomba radhi. Felista alimngojea njiani.

"Umewaambia nini, mjomba?"

"Ukweli."

"Wakasemaje?"

"Walicheka sana. Halafu wakauliza kama Mwinjuma naye alijua."

"Ukajibu?"

Yakobo akaendelea kutembea. "Harusi ni baada ya mavuno," alisema.

Felista akamfuata, bado akimuuliza.