Msitu wa Hatua Mia Nane Arobaini

Msitu uliokuwa nyuma ya ukumbi wa jumuiya ulikuwa na upana wa hatua mia nane arobaini, hazizidi wala hazipungui. Mwenye kujua hayo alikuwa Bi Hatua, mpimaji ardhi mstaafu, ambaye hata jina hilo alilipata kwa kuhesabu. Kila Jumamosi aliwapeleka watu sita msituni kuwafundisha kutafuta njia kwa dira na miguu: fundi viatu, wauguzi wawili, mwalimu wa hesabu na mumewe, na dereva wa lori aliyechoka kupotea. Aliupenda msitu ule kuliko alivyowapenda baadhi ya ndugu zake, na wa kwanza katika baadhi hao alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, Katibu wa Kamati ya Mazingira ya kanda ya kaskazini.

Mwaka huo Kamati iliandaa Wiki ya Mazingira na Stadi za Nje. Kwa siku nne, stadi za nje zilifundishwa ndani. Watu walikaa kwenye viti vya plastiki, wakaonyeshwa picha za moto, wakatunukiwa vyeti vya kuwasha moto. Siku ya dira, mkufunzi kutoka makao makuu aliwauliza watu wa kaskazini wamwonyeshe kaskazini ni wapi, na ukumbi mzima ukanyoosha vidole juu, kwenye dari, kama ilivyo kwenye ramani. Mkufunzi akawapigia makofi.

Iliyomnyima Bi Hatua usingizi ni siku ya tano. Siku hiyo mgeni rasmi angekuja, atembee msituni dakika ishirini, halafu atie saini hati ya kujenga Kituo cha Elimu ya Mazingira, ghorofa mbili na maegesho ya magari mia na ishirini. Kituo kingejengwa pale pale ulipo msitu. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi; kumbe hawakuwahi kukutana na Kamati.

Alimfuata shemeji yake ofisini, akambembeleza mpaka sauti ikamkauka. Katibu alimweleza kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua kwamba watoto watajifunza kuhusu miti vizuri zaidi ndani ya jengo la kisasa, kwenye kioo kikubwa. Hata hivyo akamwahidi dakika tatu za kusema mbele ya mgeni. Ratiba ilipotoka, dakika zile tatu alikuwa amepewa mwakilishi wa mfadhili, mwenye kiwanda cha maji ya chupa, na Bi Hatua aliandikiwa kubeba sanduku la huduma ya kwanza.

Halafu kukawa na suala la utepe. Mfadhili alitoa maboksi manne ya utepe wa buluu wenye jina la maji yake, ufungwe kwenye miti kuonyesha njia. Bi Hatua akasema miti kumi na mmoja inatosha, ile ya kwenye njia panda. Katibu akaona huko ni kumdharau mfadhili. Akaagiza ufungwe kila mti, msitu mzima, ili picha yoyote itakayopigwa isikose jina. Bi Hatua alimwambia kwamba alama ikiwa kila mahali haionyeshi kitu. Akajibiwa aache wivu.

Mgeni rasmi alitarajiwa saa tatu asubuhi. Alifika saa nane mchana, wakati ambao ukungu wa msimu ule hushuka kila siku, na wenyeji wote walijua. Katibu akashika uongozi, akawaambia wageni wafuate utepe. Wakaufuata. Kila walipogeuka kulikuwa na utepe, nao kila walipouona walifurahi kwamba hawajapotea.

Baada ya nusu saa Bi Hatua alimnong'oneza Katibu kwamba barabara iko kushoto, hatua arobaini tu. Katibu akamkazia macho, akamwambia asiiaibishe Kamati mbele ya watu. Basi Bi Hatua akaketi kwenye kisiki, akaweka sanduku lake magotini. Msafara ukampita, ukaishia kwenye ukungu. Ulimpita tena, na mgeni rasmi akamsalimu kama ndiyo kwanza wanaonana. Mara ya tatu viatu vilikuwa vimelowa, mwakilishi wa mfadhili alikuwa ameishiwa maji, na hakuna aliyehutubia mtu.

Mara ya nne mgeni rasmi alikuja peke yake. Akaketi kando yake kisikini, mtu mzima na wadhifa wake, midomo ikimtetemeka kwa baridi.

"Mama," alisema, "nitoe humu."

Bi Hatua alimshika mkono. Hatua arobaini tu, wakatokea barabarani, mbele ya waandishi wa habari waliokuwa wakisubiri tangu saa nane. Saa kumi na moja ilikuwa imefika. Gari la mheshimiwa lilikuwa limeegeshwa hapo hapo, injini inanguruma. Alipotea saa tatu nzima akiwa karibu nalo kuliko jirani na jirani. Bi Hatua alimwona akilitazama gari, akiutazama msitu, na uso ukimbadilika kadiri alivyokuwa akielewa.

Kinasa sauti kikaletwa. Mwandishi akauliza msitu huu hasa una ukubwa gani. Mheshimiwa akamgeukia Bi Hatua, na macho yake yalikuwa yanaomba.

Katika miaka thelathini ya upimaji Bi Hatua hakuwahi kuongeza hatua hata moja. Wahenga walisema njia ya mwongo fupi. Ya leo ilihitaji kuwa ndefu.

"Mheshimiwa ametembea humo saa tatu na mwisho wake hakuuona," alisema. "Mimi ni nani nimpinge?"

Mheshimiwa akashusha pumzi. Akatangaza kwamba msitu mkubwa kiasi hicho ni hazina, kwamba atakayeugusa atamtambua, na kwamba Kituo kijengwe kwingine, kwa mfano penye ofisi za Kamati. Katibu, aliyetoka msituni dakika hiyo hiyo na utepe umemnasa shingoni, akapiga makofi kwa sababu wengine walikuwa wakipiga.

Jumamosi iliyofuata Bi Hatua aliingia msituni mapema, peke yake, akauvuka huku akihesabu. Mia nane arobaini. Alicheka, kisha akalia kidogo, akajifuta. Alipotokeza upande wa pili alimkuta shemeji yake amesimama na mchoraji wa mabango, wanaandika: MSITU MKUBWA, HATARI, USIINGIE BILA KIONGOZI. Mchoraji akamwuliza bibi ametokea wapi.

"Upande wa ukumbi, mwanangu."

"Umeingia saa ngapi?"

Bi Hatua akamtazama Katibu, aliyekuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe ripoti ya mheshimiwa kutembea saa tatu bila kuuona mwisho wa msitu.

"Jana," akasema.

Katibu akamgeukia mchoraji.

"Umesikia," akamwambia. "Ongeza na hiyo."