Ndago za Mbele ya Nyumba

Ndago ilitoboa hata gunia nililoitandikia. Nilidhani giza litaiua. Asubuhi nikakuta ncha zake zimechomoza kati ya nyuzi, kali kama sindano. Hapa kwetu Ijumbi, udongo wa mbele ya nyumba ni mfinyanzi. Mvua ikinyesha, maji hayana pa kwenda. Majani mazuri yanaoza, ndago inanenepa.

Ukiikata kwa jembe unaizidisha. Chini ina vitunguu vidogo vilivyounganishwa kwa uzi mwembamba, na kimoja kikibaki, yote inarudi. Kwa hiyo mimi hupiga magoti na kisu, nikiufuata uzi. Mkwe wangu Joanitha, kila anapokuja kutoka Bukoba, hunisaidia. Aliona kwamba sehemu moja, karibu na mbuni wa kahawa, simwachii mtu. Hakuuliza. Siku moja aliniletea tu kipande cha mkeka, nipigie magoti pale.

Jumamosi mwanangu Onesphory alifika na vigingi, kamba na nyundo. Binti yake Adventina anaagwa kwenda kuolewa mwezi ujao, na wageni hawawezi kukaa kwenye tope.

"Mama waitu, ndago imekushinda," alisema akicheka. "Tuichimbe yote, tumwage kokoto, tupange matofali ya saruji."

"Itatoboa."

"Itoboe saruji? Labda iwe imesomea uinjinia!"

Nilicheka, nikageukia kule kwenye mbuni. Miaka arobaini na sita nilikuwa nimenyamaza, kwa sababu marehemu mume wangu, Kashaija, alisema tusiweke alama, huzuni isije ikaketi mlangoni. Alichimba mwenyewe, akarudishia majani juu taratibu, kama mtu anayemfunika aliyelala. Sasa amebaki nani wa kujua, ila mimi?

Onesphory alipiga kigingi cha kwanza, kisha cha pili. Cha tatu akakielekeza karibu na mbuni.

"Baba Adventina, hapo pazunguke," Joanitha alisema kwa upole.

"Kamba itapinda."

Aliinua nyundo. Udongo ulikuwa umelowa. Kigingi kikazama kwa pigo moja.

"Kitoe!" Sauti ilinitoka kabla sijajua. "Kitoe, mwanangu. Hapo yupo kaka yako."

Alinitazama, akayatazama majani.

"Mimi ndiye wa kwanza, Mama."

"Wewe ni wa pili. Yeye alikaa nasi siku tisa."

Joanitha alikuja akasimama karibu yangu, bega kwa bega. Onesphory alikishika kigingi kwa mikono miwili, akakivuta polepole. Kishimo kikaanza kujaa maji.

Akapiga magoti topeni, na suruali yake ya mjini.

"Alikuwa anaitwa nani?"

"Kamala."

Alilirudia jina kwa sauti ndogo. Kisha akanyoosha mkono, nikampa kisu. Akashika ndago iliyoota kando ya kishimo, akaufuata uzi wake chini, chini zaidi, mpaka ukakatika.

"Polepole," nilimwambia. "Polepole, baba."