Theluji ya Manjano

Picha ghafi za kamera huja zimepauka kama shati lililosahauliwa juani. Kazi yangu hapa Vancouver ni kuzifungua: kila aina ya kamera ina kanuni yake, unaitumia, rangi zinarudi, kisha wenzangu wanaongeza moto, theluji au treni inayoporomoka. Nina miaka kumi na minane katika kazi hii na macho yamechoka. Kwetu kuna mwiko mmoja: picha ikishapita kwangu, hakuna anayegusa rangi yake.

Ijumaa ile ilikuwa saa nne asubuhi, mvua inanyesha kama kawaida yake, na saa sita tulitakiwa kupeleka picha ishirini na tatu za mwisho za filamu moja. Harjit, fundi wetu wa theluji, alikuwa ameshaweka begi chini ya meza. Dada yake, Simran, alikuwa anaolewa kesho yake Edmonton, na ndege ilikuwa saa tisa. Tangu Septemba hakuwa amepumzika hata siku moja.

Nilifungua karatasi ya kamera, ile wanayoijaza wapiga picha, kutafuta aina ya lenzi. Hapo nikaona mstari nilioruka wiki sita zilizopita: picha zote ishirini na tatu zilipigwa na kamera ya pili, ya kampuni nyingine kabisa. Mimi nilizifungua kwa kanuni ya kamera ya kwanza.

Nilikunywa kahawa iliyopoa. Hapa ofisini hakuna ambaye angejua. Ila kwenye filamu, mama aliyemo katika picha hizo angeingia mlangoni na uso wa rangi moja, atokee upande wa pili, uliopigwa na kamera ya kwanza, na uso mwingine. Niliona aibu, na kuliko aibu, nilichoka hata kufungua mdomo.

Nikaijaribu picha moja kwa kanuni yake halisi. Uso wa yule mama ukatulia, ukawa uso wa mtu. Lakini theluji aliyoiongeza Harjit ikabaki ya manjano.

"Harjit, njoo mara moja."

"Usiniite kwa sauti hiyo, bosi. Nina ndege mimi." Akainama, akacheka. "Mbwa gani kakojoa hapa?"

"Kanuni siyo. Nilikosea mimi, tangu siku ya kwanza."

Kicheko kikakatika. "Kumbe! Siku ya pili tu nilimwona huyu mama kaiva kama kamba wa kuchemsha. Nikasema, bosi wangu Lorna hakosei, labda mwongozaji wa filamu ndivyo anavyotaka. Nikawa natia manjano kwenye theluji ifanane naye. Picha moja moja, kwa mkono."

"Si ungeniuliza?"

"Nikuulize wewe? Humu ndani nani anakuuliza wewe?"

Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana iliniuma.

Nilimpigia mtayarishaji, nikamwambia kosa ni langu. Akafoka, kisha akatupa muda mpaka kesho yake jioni.

"Wewe nenda," nilimwambia Harjit. "Nitazirekebisha mwenyewe."

"Wewe na theluji wapi na wapi? Utanichafulia kazi ya wiki sita."

Alivua koti, akalitundika kitini, akatoa simu.

"Simran? Ndiyo, ni mimi. Sikia, kesho msinisubiri." Akaibana simu begani, akafungua picha ya kwanza huku akisikiliza. "Hapana, usilie. Hakuna aliyekosea. Ni kazi tu."

Bora angenitukana.